Bolti ya Chini

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alikuwa na kazi tatu: kufagia ua, kuanika nguo na kumpelekea bibi yake chai kibarazani. Alizifanya zote huku akiongea, kwa sababu hakujua kufanya kazi kimya. Ndiyo maana watu wa nyumbani na wa shuleni waliacha zamani kumwita kwa jina lake, wakamwita Chiriku. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Aliishi na bibi yake na shangazi yake katika nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa juu mlimani, mwisho wa barabara ya lami. Wazazi wake walifanya kazi mji mwingine na walirudi wakati wa likizo.

Shangazi alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Lakini siku za mapumziko alikuwa na gari lake mwenyewe, gari la spoti la rangi ya manjano, lenye milango miwili na viti viwili tu. Alilipata likiwa limegongwa, halina kioo cha mbele na ubavu umekunjamana kama karatasi. Alilitengeneza kwa miaka mitatu, kifaa kimoja baada ya kingine, pale pale uani chini ya paa la mabati. Majirani waliliita Nyigu kwa sababu ya rangi yake na mlio wake. Lilikuwa la chini mno. Mtu akikaa ndani, macho yake yalikuwa sawa na magoti ya wapita njia.

Wiki hiyo Nyigu alianza kulia vibaya. Kila Shangazi alipokanyaga breki, magurudumu ya nyuma yalitoa sauti kama kijiko kinachokwaruza sufuria.

"Pedi za breki za nyuma zimekwisha," Shangazi alisema siku ya Ijumaa. "Sasa ni chuma kinasugua chuma. Kesho asubuhi tunazibadilisha, na saa sita nampeleka bibi yako kwa mdogo wake."

Safari hiyo haikuwa ndogo. Tangu gari lianze kutembea, Bibi alikataa kupanda Nyigu. Alisema yeye hajazoea kusafiri akiwa amekaa sakafuni. Lakini mdogo wake, aliyekaa ng'ambo ya bonde, alikuwa amewaambia watu kwamba dada yake anaogopa. Habari hizo zilimfikia Bibi, na tangu hapo akawa ndiye anayeulizia safari kila siku.

"Kesho si una mechi?" Shangazi alimuuliza Chiriku.

"Ni saa nne, Shangazi. Fainali ya mpira wa pete. Lakini uliniahidi mara hii upande mmoja wa breki utakuwa wangu."

"Nilikuahidi. Basi saa mbili kamili uwe hapa, na nywele umezifunga."

Saa mbili kamili Chiriku alikuwa uani, nywele kafunga kwa kitambaa. Shangazi aliweka vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele ili gari lisiserereke. Akalegeza nati za magurudumu ya nyuma gari likiwa bado chini, akaliinua kwa jeki, kisha akaliegemeza juu ya stendi mbili za chuma.

"Kwa nini usiliache juu ya jeki tu?" Chiriku aliuliza, ingawa jibu alilijua. Alipenda kulisikia.

"Jeki ni ya kuinulia. Haikutengenezwa kwa ajili ya mtu kuweka kichwa chini yake."

Walianza na upande wa kulia, upande wa Shangazi. Alitoa gurudumu, akaachia breki ya mkono, kisha akafungua bolti mbili zilizoshika kalipa, kile chuma kinachozibana pedi juu ya diski inayozunguka na gurudumu. Aliifunga kalipa kwa waya na kuining'iniza, ili mpira unaoleta mafuta ya breki usivutike. Pedi za zamani zilitoka zikiwa nyembamba kama ganda la yai. Vumbi jeusi lilikuwa limejaa kila mahali. Chiriku alipotaka kulipuliza kwa mdomo, Shangazi alimshika bega.

"Vumbi hilo halipulizwi. Likiingia kifuani halitoki. Vaa barakoa, chukua kitambaa kibichi, upanguse."

Pistoni ya kalipa ya nyuma, kile kichuma kinachozisukuma pedi, haikurudi kwa kusukumwa. Ilibidi izungushwe polepole kwa kifaa maalumu, kama mtu anayefunga kifuniko cha chupa. Shangazi alikuwa katikati ya kazi hiyo Bibi alipoita kutoka ndani.

"Wewe, binti yangu. Kwenye hilo gari lako mtu anavaa viatu gani?"

"Vyovyote, Mama."

"Vyovyote ni vipi? Vya kisigino au vya chini?"

Shangazi aliacha kifaa, akaingia ndani, akachagua viatu, akarudi. Alimaliza kuizungusha pistoni, akaweka pedi mpya, akarudisha kalipa, akakaza bolti zote mbili kwa spana ya kipimo. Spana hiyo ilikuwa ndefu, na bolti ilipofikia mkazo unaotakiwa ilitoa mlio mfupi kama wa ulimi unaogonga kaakaa. Baada ya kila mlio Shangazi alichukua kalamu ya rangi nyeupe na kupiga mstari mdogo juu ya kichwa cha bolti.

"Mstari maana yake nini?" alimuuliza Chiriku.

"Maana yake imekazwa kwa kipimo," Chiriku alijibu.

"Haya. Huku ni kwako."

Ilikuwa karibu saa tatu na robo. Chiriku alifanya kila kitu kama alivyoona. Alitoa, akaning'iniza, akapangusa, akazungusha pistoni mpaka vidole vikamuuma. Shangazi alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akimtazama bila kumsaidia. Pedi mpya ziliingia mahali pake. Kalipa ilirudi. Chiriku alizungusha bolti zote mbili kwa vidole, kisha akachukua spana ya kipimo na kuikaza ya juu. Spana ililia. Alijawa na furaha ambayo hakuionyesha usoni.

"Binti yangu," Bibi aliita, "njoo unifungie hii zipu, mkono haufiki."

Shangazi aliinuka. Chiriku alibaki peke yake. Alifungua kalamu ya rangi, akashika kifuniko chake kwa meno, akapiga mstari kwenye bolti ya juu. Kwa kuwa kalamu ilikuwa tayari wazi mkononi, akapiga mstari kwenye bolti ya chini pia. Angeikaza mara moja baada ya hapo. Ndivyo alivyojiambia.

Wakati huo huo rafiki yake alitokea langoni, tayari amevaa sare ya timu. Rafiki huyo aliitwa Kisigino kwa sababu viatu vyake vyote viliisha upande wa nyuma.

"Chiriku, bado hujavaa? Mwalimu anasoma majina. Asiyekuwepo anakaa benchi."

Chiriku aliitafuta spana. Alikuwa ameitua chini, nayo ilikuwa imeteleza mpaka chini ya gari, upande wa pili. Ili kuipata ilikuwa lazima azunguke, apige magoti na kunyoosha mkono. Aliitazama. Akamtazama Kisigino. Shangazi akatoka ndani akijifuta mikono.

"Umemaliza?"

"Tayari, Shangazi."

"Umezikaza zote mbili?"

"Zote mbili."

Shangazi aliinama, akaona mistari miwili myeupe, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kazi safi. Nenda kaoge, utachelewa."

Chiriku hakuwa amesahau. Alijua wakati anasema, na alijua wakati anajimwagia maji, na alipokuwa akiteremka mbio na Kisigino kuelekea uwanjani alijua bado. Alijiambia kwamba bolti ameizungusha kwa vidole mpaka mwisho, na kwamba vidole vyake vina nguvu. Njiani Kisigino ndiye aliyeongea.

"Leo una nini?" Kisigino aliuliza walipofika. "Umenyamaza tangu kwenu."

"Sina kitu."

Mchezo ulianza saa nne na nusu, kwa sababu timu ya wageni ilichelewa. Chiriku alikuwa mfungaji. Katika robo ya kwanza alifunga mabao matano. Katika robo ya pili alifunga mawili. Katika robo ya tatu alikosa mipira minne mfululizo. Kila alipoinua mpira juu ya kichwa aliona kichwa cha bolti chenye mstari mweupe. Aliona pia barabara ya kuteremkia bondeni, ile yenye kona sita na jabali upande mmoja, na Bibi akiwa amekaa chini kabisa kwenye kiti cha abiria na mkoba wake mapajani.

Filimbi ya mapumziko ilipolia, timu zilikuwa sare. Saa iliyotundikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu ilionyesha saa sita kasoro dakika ishirini. Wachezaji walikunywa maji. Mwalimu wa michezo alikuwa anapanga robo ya mwisho, akichora duara mchangani kwa kijiti.

"Mwalimu, naomba nitoke," Chiriku alisema.

"Unaumwa?"

"Hapana, Mwalimu. Kuna kitu nyumbani nimekiacha."

"Umeacha pasi kwenye umeme?"

"Hapana. Ni breki za gari."

Mwalimu aliacha kuchora. Hakuwa na mfungaji mwingine wa kumtegemea, na Chiriku alilijua hilo. "Ukitoka hurudi," alisema. "Na Jumatatu nataka maelezo."

"Ndiyo, Mwalimu."

Kisigino aliita jina lake mara mbili. Chiriku hakugeuka. Alikimbia.

Kutoka uwanjani mpaka nyumbani ilikuwa kupanda tu. Alipita duka la vitambaa, kinyozi na mashine ya kusaga. Kwenye ngazi za saruji zilizokatiza mlima kifua kilimbana, akapanda kwa kutembea, akishika ukuta. Alikuwa anahesabu. Kama wametoka mapema, atasikia mlio wa Nyigu kabla ya kufika juu. Hakusikia kitu, na hilo halikumpa raha, kwa sababu hakujua kama hawajatoka au kama wameshapita.

Alipofika kona ya mwisho alisikia injini.

Nyigu alikuwa langoni, pua imetazama barabarani. Bibi alikuwa ndani, amevaa gauni lake la zambarau na viatu vya chini, mkoba mapajani. Shangazi alikuwa nje bado, amemaliza kufungua lango, anarudi kwenye usukani. Chiriku alisimama mbele ya gari na kuweka mikono yote miwili juu ya boneti.

"Mechi imekwisha?" Shangazi aliuliza.

Chiriku alihema kwanza. Kisha akasema, "Bolti ya chini sikuikaza."

Shangazi aliingiza mkono dirishani, akazima injini.

"Rudia."

"Upande wa kushoto. Bolti ya chini ya kalipa. Niliizungusha kwa vidole tu. Nilipiga mstari wa rangi kabla ya kuikaza. Halafu ukaniuliza, nikakwambia nimekaza."

"Ulisahau?"

Hapo palikuwa na njia rahisi, na Chiriku aliiona. "Hapana," alisema. "Nilijua. Nilitaka kuwahi mechi."

Shangazi hakupandisha sauti. Alizunguka upande wa pili na kufungua mlango wa Bibi. "Mama, itabidi utoke."

"Nitoke?" Bibi alisema. "Kuingia tu nimetumia robo saa. Mguu mmoja umeingia leo, mwingine nilidhani utaingia kesho."

"Gari haliwezi kuinuliwa mtu akiwa ndani, Mama. Samahani."

Walimtoa wakiwa wawili, mmoja akimshika mikono, mwingine akimsukuma mgongo. Bibi alikaa kibarazani na mkoba wake, akamtazama mjukuu wake aliyelowa jasho.

Gari lilirudishwa uani polepole, likawekewa mbao, likainuliwa, likaegemezwa juu ya stendi. Gurudumu la kushoto lilitoka. Mistari miwili myeupe ilikuwa pale pale, imenyooka vizuri.

"Shika bolti ya chini," Shangazi alisema. "Bila spana."

Chiriku alishika na kuzungusha. Bolti ilizunguka kwa vidole viwili, bila ubishi wowote. Ilikuwa legevu kuliko alivyojiaminisha.

"Barabara ingeitikisa," Shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa ile aliyoitumia kuwaeleza ndugu wa wagonjwa. "Kona ya kwanza, ya pili, ingekuwa inajifungua yenyewe. Ikitoka, kalipa inainuka na kugonga rimu. Gurudumu linaweza kukwama ghafla, au mpira wa mafuta ukakatika. Kwenye mteremko ule, na jabali lile. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Ikaze."

Chiriku aliikaza. Spana ililia. Shangazi aliirudia bolti kwa spana yeye mwenyewe, spana ikalia tena.

"Na upande wa kulia?" Bibi aliuliza kutoka kibarazani.

"Wa kulia ni wangu, Mama. Wangu niliukaza."

Shangazi alimaliza kusema hivyo, kisha akabaki ameshika gurudumu, hajalirudisha. Alikuwa amesikia maneno yake yanavyofanana na ya Chiriku. Aliliweka chini, akazunguka upande wa kulia, akafungua nati za gurudumu. Bolti zote mbili zilikuwa zimekazwa barabara. Lakini alipochungulia na tochi aliona nafasi tupu juu ya pedi ya ndani, mahali ambapo panatakiwa kukaa kibanio chembamba cha kuizuia isichezecheze. Walikitafuta. Kilikuwa kwenye kitambaa walichotandikia vifaa, kimejificha chini ya mkunjo. Shangazi alikuwa amekiacha hapo alipoitwa kwenda kuchagua viatu.

"Hiki kingeleta ajali?" Chiriku aliuliza.

"Pengine kingeleta kelele tu. Pengine pedi ingekaa vibaya na kuliwa upande mmoja. Sijui, na mimi ndiye niliyesema kazi imekwisha." Alikifuta kibanio, akakiweka mahali pake. "Kuanzia leo anayekaza hapigi mstari. Mstari anapiga mwenzake, baada ya kujaribu kwa mkono wake."

Alimpa Chiriku spana. Chiriku alijaribu bolti za upande wa kulia, moja baada ya nyingine. Shangazi alisubiri akiwa amepiga magoti.

Baada ya magurudumu kurudi, Shangazi alikaa kwenye usukani na kukanyaga breki mara nyingi, taratibu. Mara za kwanza pedali ilizama kama imekanyagwa ndani ya tope. Kisha ikaanza kuwa ngumu, mpaka ikasimama. Alikagua kiasi cha mafuta ya breki, akaendesha gari peke yake mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, akisimama kila baada ya hatua chache. Halikukwaruza. Saa saba na nusu Bibi aliingizwa tena ndani, safari hii kwa haraka zaidi, kwa sababu alikuwa ameshajua mguu upi utangulie. Nyigu akateremka mlimani.

Chiriku alibaki anakusanya vifaa. Kisigino alikuja, akasimama mbali kidogo.

"Tumefungwa," alisema. "Mabao mawili. Wote wanasema ni wewe."

"Wanasema kweli."

"Kwani ilikuwa nini?"

Chiriku alimweleza yote, hata sehemu ya mstari wa rangi. Kisigino alisikiliza, akiusugua mchanga kwa kisigino cha kiatu. "Ungeniambia pale langoni, ningekusubiri," alisema mwishoni. "Ningekupa hata hiyo spana." Bado alikuwa na hasira. Lakini aliinama, akaokota vitambaa vichafu na kuvitia kwenye ndoo.

Shangazi alirudi saa kumi, peke yake. Bibi alibaki kwa mdogo wake, naye alikuwa amelizuia gari lisiondoke mpaka majirani wote waitwe walione. Shangazi aliosha mikono kwenye karai, akakaa kwenye ngazi ya kibaraza, akamwonyesha Chiriku akae karibu.

"Kila asubuhi kazini," alisema, "fundi wa gereji ananiambia: dereva, breki tayari. Mimi simwoni akikaza. Nalichukua neno lake, nawasha gari. Baadaye mgonjwa analazwa nyuma, naye haniulizi kitu. Sote tunakuwa tumelikalia neno la mtu mmoja."

Shangazi alijifuta mikono iliyolowa, akaendelea.

"Kuacha bolti ni kosa, na mimi leo nimeacha kibanio. Watu hukosea. Lakini kusema umekaza wakati hujakaza ni jambo jingine. Ile bolti legevu ningeweza kuiona. Neno lako ndilo lililonizuia nisiangalie. Uongo haulifichi kosa tu, unamfunga macho mwenzako ambaye angeweza kulirekebisha. Unanisikia?"

"Nakusikia, Shangazi."

"Umekuja ukasema, na nilipokuuliza kama ulisahau hukujificha hapo. Hilo nimeliona, na nakushukuru. Lakini ukweli huo saa tatu na nusu ungekuchukua dakika mbili tu."

"Saa sita ukweli huo umenigharimu fainali."

"Ndiyo. Kadiri unavyouchelewesha ndivyo unavyozidi kuwa mzito. Na haujaisha. Timu yako ilikutegemea kama nilivyokutegemea mimi. Jumatatu utawaambia wao na mwalimu wako, kwa maneno yale yale uliyoniambia mimi, bila kupunguza."

"Nitawaambia," Chiriku alisema. Na Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, aliwaambia.